Hiace ya zamani inarusha abiria

SWALI: Fundi, Hiace yangu ya zamani inabeba abiria kutoka Tabora kwenda vijiji vya Urambo. Ikiwa tupu inarusha vibaya. Ninunue springi mpya?

JIBU: Subiri kwanza, ndugu yangu. Pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa ya baridi, ufuate kibandiko cha mlangoni. Wengi hujaza kupita kiasi wakihofia mzigo.

Kisha chungulia nyuma. Gari lililowahi kubeba magunia mara nyingi limeongezwa majani ya springi, na likiwa tupu haliwezi kuyakunja. Kama sasa ni abiria tu, ondoa ya ziada. Hapo ndipo utaona tofauti kubwa.

Shokapu zinazovuja badili mbili kwa pamoja. Ila kwenye barabara ya vumbi yenye rasta, hata mpya hulegea: mafuta yake hupata joto na kutoa povu. Zamani njia yako hii, iliyoelekea Ujiji, ilizoea wapagazi wa misafara, nao walipumzika. Pumzisha gari pia, shokapu zipoe.

Bushi zilizoliwa ni za bei nafuu, zibadili. Na fundi asikaze springi za mbele ili gari liinuke. Litazidi kuwa gumu, na matairi yatalika upande.