Anza na Swali la Mtoto

Maandiko: Kumbukumbu la Torati 6:4–9, 20–21; Luka 2:41–52

Katika somo la Jumapili iliyopita tulikumbushwa kwamba malezi ni huduma. Nimeombwa niandike ushuhuda wangu pamoja na mafundisho machache. Nitasema ukweli, hata pale unaponiaibisha.

Tazama Kumbukumbu la Torati 6. Mungu anawaagiza wazazi wafundishe watoto wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Ukifika mstari wa 20, utaona mtoto ndiye anaanza: anauliza maana ya maagizo yale, ndipo mzazi anajibu. Hata Bwana Yesu, akiwa na miaka 12, wazazi wake walimkuta hekaluni katikati ya walimu, akisikiliza na kuuliza maswali. Kwa hiyo swali la mtoto si utundu. Ni mlango.

Mimi mlango huo niliufunga.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kijana wangu alikuwa darasa la sita. Serikali ilikuwa inatoa masomo kwa redio, lakini redio yetu haikuwa na betri. Wiki ya tatu akaanza kupotea asubuhi. Jioni anarudi na vumbi hadi kwenye kope, ananipa shilingi 150. Nilinunua unga na omena. Sikuuliza pesa imetoka wapi. Hapa Masara nani hajui? Nilijua ni machimbo, nikanyamaza kwa sababu sufuria ilikuwa tupu.

Usiku mmoja akaniuliza, "Mama, kwa nini zebaki inashika dhahabu lakini haishiki mchanga?" Nikamwambia, "Wacha maneno mengi, lala." Alilala. Mimi usingizi ukanipaa. Kumbe mtoto wangu alikuwa anashika zebaki kwa mikono mitupu! Halafu andiko lile la kulala na kuamka likanijia. Mtoto ameuliza wakati wa kulala, na mimi nimemfukuza.

Asubuhi nilimwita. Nikamwambia, "Baba, lile swali la jana sijui jibu lake. Mimi niliachia darasa la saba. Lakini twende tutafute." Tulienda kwa jirani mmoja, mwalimu wa sayansi, ambaye pia alikuwa amekaa tu nyumbani. Akatueleza kwamba zebaki na dhahabu hushikana zikawa donge moja, lakini mchanga hauingii. Donge likichomwa, zebaki inaondoka kama mvuke na dhahabu inabaki. Mvuke huo ukivutwa unaharibu mapafu, ubongo na mishipa ya fahamu, na watoto ndio huumia zaidi. Kijana alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Na wale mama wanaochomea jikoni?"

Tangu siku hiyo hatukukosa somo. Alipenda mizani ya wanunuzi, basi hesabu zetu zilikuwa za mizani. Gramu moja ni pointi 10, kwa hiyo pointi moja ni 0.1 ya gramu. Tukichukulia gramu ni shilingi 4,000, pointi 7 ni ngapi? Desimali zilizomliza darasani, nyumbani alizimaliza akicheka: 2,800! Jioni aliandika kwenye daftari kile alichojifunza, kisha ananisomea nikiwa napika. Nami nikajifunza.

Lakini wapendwa, mafundisho peke yake hayakumtoa shimoni. Ilibidi nikatae zile pesa. Mara ya kwanza niliporudisha shilingi 150 mkononi mwake, tulikula ugali na mboga ya shambani wiki nzima. Hapo ndipo aliamini kwamba namtaka yeye, si mshahara wake.

Januari 4, 2021 shule zilifunguliwa, akarudi. Mwenzake waliyekuwa wakikaa dawati moja hakurudi. Leo wangu yuko sekondari na somo analolipenda ni kemia. Yule mwingine namwona akipita na karai, na moyo wangu unauma. Huenda naye aliuliza swali usiku.

Tujifunze haya:

1. Sikiliza mtoto anauliza nini. Anayependa kuku afundishwe hesabu kwa siku 21 za mayai kuatamiwa. Anayependa ziwa aandike habari za samaki.

2. Usiogope kusema "sijui." Mtoto akikuona unatafuta, naye atatafuta.

3. Kufundisha nyumbani si kisingizio cha kumtoa shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria. Lakini shule ikifungwa, au ikifunguliwa, nyumba yako isifungwe.

4. Usile jasho la mtoto. Hilo ni neno langu mwenyewe kwanza.

Maswali ya ushirika wa nyumbani:
- Wiki hii mtoto wako amekuuliza nini? Ulimjibu vipi?
- Ni mtoto gani jirani yetu ambaye hakurudi shule, na sisi kama kanisa tutamfuata lini?

Tuombe: Baba, tusamehe kwa milango tuliyofunga. Tupe masikio ya kusikia watoto uliotupa, na ujasiri wa kukataa faida inayowaumiza. Katika jina la Yesu, Amina.