Kupiga Marufuku au Kudhibiti? Uhuru wa Mtu Binafsi na Usalama wa Umma katika Sheria za Vileo: Mfano wa Kyuso

Utangulizi

Uhuru wa raia uishie wapi, na wajibu wa dola wa kulinda maisha uanzie wapi? Makala hii inalichunguza swali hilo kupitia sheria za vileo nchini Kenya, na inatumia mfano wa Kyuso, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui. Hoja yetu ni kwamba "kupiga marufuku" na "kudhibiti" si visawe, si katika lugha wala katika sheria, na kwamba Katiba ya 2010 inaitaka serikali ijaribu kudhibiti kabla haijapiga marufuku.

Kileo katika maisha ya Kyuso

Kyuso ni sehemu kame, na ufugaji wa nyuki ni kazi ya kale katika eneo zima la Mwingi. Kutokana na asali, na baadaye sukari, Wakamba hutengeneza pombe iitwayo uki au kaluvu, inayochachushwa kwa tunda lililokaushwa la mvungunya. Pombe hii huandamana na mahari na mashauri ya wazee. Kwa hiyo, anayeizuia hagusi starehe peke yake, bali pia utamaduni, ambao Kifungu cha 44 cha Katiba kinaulinda. Aidha, anagusa riziki ya mama anayeiuza ili alipe karo.

Hata hivyo, hofu ya serikali si ya kubuni. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, baada ya kunywa pombe yenye sumu. Juni 2005 makumi ya watu walikufa Machakos, na Mei 2014 msiba ulizikumba kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Katika visa hivyo ilitajwa methanoli, kemikali ya viwandani ambayo mwili huigeuza kuwa asidi inayopofusha macho na kuua. Ikumbukwe kwamba uchachushaji wa kienyeji hauzalishi methanoli ya kiasi hicho. Kwa kawaida hutiwa na mfanyabiashara anayetaka kuongeza ukali kwa gharama ndogo. Mzazi aliyemzika kijana wake kwa sababu hiyo ana haki ya kuiuliza serikali ilikuwa wapi.

Njia ya marufuku

Sheria ya 1980 iliharamisha chang'aa kabisa. Vilevile, Sheria ya Machifu ilimpa chifu mamlaka ya kutoa amri dhidi ya pombe katika eneo lake. Lakini vifo vya 2000 na 2005 vilitokea marufuku hiyo ingali na nguvu. Sababu yake haiko mbali. Kinachofanywa gizani hakipimwi. Mnunuzi hajui alichouziwa, na anayeugua huogopa kwenda hospitali asije akashtakiwa. Isitoshe, msako wa usiku huwa mwanya wa kudai hongo, na huingilia faragha ya makazi inayolindwa na Kifungu cha 31.

Njia ya udhibiti

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliifuta sheria ya 1980. Iliruhusu chang'aa iliyotengenezwa kwa viwango vilivyowekwa, ikakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, ikazuia baa kuwa chini ya mita 300 kutoka shuleni, na ikaweka saa za kuuza katika baa: kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi. Katiba nayo ilizipa kaunti jukumu la kutoa leseni za vileo.

Msomaji atauliza: mbona vifo vya 2014 vilitokea baada ya sheria hii? Swali hili ni la haki. Jibu letu ni kwamba udhibiti ulioandikwa tu haujawa udhibiti. Unahitaji wakaguzi, maabara na maafisa waaminifu. Februari 2024, watu zaidi ya 10 walikufa Kirinyaga kutokana na pombe ambayo, kwa maelezo ya serikali, ilikuwa kielelezo cha kesi kilichoibwa katika kituo cha polisi. Hapo kilichopungua hakikuwa ukali wa sheria, bali uadilifu wa walioaminiwa kuitekeleza.

Mizani ya Kifungu cha 24

Kwa mujibu wa Kifungu cha 24, haki inaweza kuwekewa mipaka kwa sheria pekee, na kwa kiwango kinachokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Huzingatiwa aina ya haki, umuhimu wa lengo, ukubwa wa kizuizi, haki za watu wengine, na iwapo ipo njia nyingine isiyobana sana. Mzigo wa kuthibitisha hayo ni wa serikali.

Mahakama Kuu ilionyesha mizani hiyo Aprili 2020. Iliamua kwamba kafyu ya kuzuia korona ilikuwa halali, lakini nguvu kupita kiasi iliyotumiwa na polisi kuitekeleza ilikiuka Katiba. Yaani, lengo jema halihalalishi kila njia.

Tukiurejelea mfano wa Kyuso, mtungi wa uki kwenye mahari na pipa lililotiwa methanoli si kitu kimoja. Sheria inayoviadhibu kwa kipimo kimoja inambana asiye na hatia, huku muuza sumu akijificha nyuma yake. Leseni nafuu, upimaji wa mara kwa mara na adhabu kali kwa anayetia kemikali vingelinda maisha zaidi, na vingegusa uhuru kwa uchache.

Hitimisho

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Serikali haina budi kukataza baadhi ya mambo, hata kama raia watalalamika. Lakini ni wajibu wake kuthibitisha kwanza kwamba njia iliyo nyepesi zaidi imejaribiwa kwa dhati, nasi raia tuna haki ya kuudai uthibitisho huo.

Maswali ya kujadili

1. Fafanua tofauti ya kimaana kati ya "kuzuia", "kudhibiti" na "kupiga marufuku" kama yanavyotumika katika sheria.
2. Je, pombe ya kimila isiyouzwa iwekewe masharti sawa na ya biashara? Tetea jibu lako kwa kurejelea Kifungu cha 24 na cha 44.