Mfuko wa Jamii Usisubiri Msiba

Wadogo zangu, leo nataka tuongee habari ya michango, maana najua wengi wenu mmeichoka. Simu inalia, umeshaunganishwa kwenye kundi jingine la WhatsApp: kuna mgonjwa. Hata hujatuma, linakuja la pili: kuna msiba. Na tukisema kweli, mwenye ndugu wengi na jina linalojulikana huchangiwa fedha hadi zinabaki. Lakini yule bibi anayelea wajukuu watatu, asiye na simu wala wa kumfungulia kundi, anaugua wiki nzima na mtaa hauna habari. Hapo ndipo panaponiuma.

Siwaambii muache kuchanga. Nawaambia muanze mapema, kabla shida haijabisha hodi, na muwe na utaratibu.

Na utaratibu upo: wengi wenu mko kwenye vikundi vya hisa, vya kuweka akiba na kukopeshana. Mtindo huo ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini, na leo hapa kwetu Tanzania umeenea bara na visiwani. Mnajua kikao kinavyokwenda: kisanduku kinawekwa katikati, washika funguo watatu wanaitwa, kila mmoja anafungua kufuli lake. Kabla ya hisa, unaanza mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana. Mnaitwa kwa namba, namba moja hadi ya mwisho, kila mtu anatoa kiasi kilekile, tajiri na muuza mchicha sawasawa. Fedha zinahesabiwa mbele ya macho ya wote na kuwekwa kwenye kifuko chake, mbali na za mikopo. Kikao kikiisha, mweka hazina anatangaza salio, nanyi mnalishika kichwani, ili kikao kijacho mliseme kabla hajahesabu. Huo ndio ulinzi wa fedha zenu. Hata asiyejua kusoma anakuwa mkaguzi.

Sasa fanya hesabu nami. Tuseme mko 25 na kila mmoja anatoa shilingi 500 kwa wiki. Kwa kikao kimoja ni 12,500, kwa wiki nne ni 50,000. Utasema ni ndogo. Mdogo wangu, mtoto akishikwa na degedege saa nane usiku, kinachohitajika kwanza ni nauli ya bodaboda. Na shule je? Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mzazi. Kuna mtoto anakaa nyumbani kwa kukosa shati jeupe tu. Elfu hamsini yenu inamrudisha darasani.

Yapo mambo matatu nawasihi myaangalie.

La kwanza, andikeni kanuni mkiwa mmetulia. Mfiwa anapata kiasi gani? Mgonjwa aliyelazwa je? Kipi kinatolewa moja kwa moja, na kipi ni mkopo usio na riba? Mkisubiri kuamua siku ya tatizo, anayependwa atapewa kingi na mnyonge atapewa pole. Na mwisho wa mzunguko, mkigawana hisa, mfuko wa jamii msiuguse. Uachwe uanze na mzunguko mpya.

La pili, tengeni sehemu kwa ajili ya asiye mwanachama. Maskini kabisa hawezi kununua hisa, kwa hiyo mkisaidiana ninyi kwa ninyi tu, yeye anabaki nje daima. Chagueni kina mama wawili wenye busara, waulize kwa mjumbe, kwa mwalimu, kwa jirani, ni nani ana shida. Wakati mwingine mtu anachohitaji ni kusindikizwa zaidi kuliko fedha. Sera yetu ya afya inampa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo matibabu bila malipo katika vituo vya serikali, ila ni lazima atambuliwe kwanza. Nani atampeleka kwa mtendaji wa mtaa? Nani atalipa nauli ya kwenda na kurudi? Hapo elfu tano yenu inamfungulia huduma ya miaka.

La tatu, na hili nalisema kwa uchungu, msitirini mnayempa. Msimpange mjane mbele ya kamera akiwa ameshika mfuko wa unga, kisha picha ikazunguka mji mzima. Watoto wake wataiona, na wenzao shuleni wataiona. Hesabu zenu ziwe wazi kwa wanachama: kiasi gani kimetoka, kwa jambo gani, na nani kakipeleka. Jina la mpokeaji libaki kwa wachache waliotumwa. Uwazi ni wa fedha, sitara ni ya mtu.

Na ninyi viongozi, sajilini kikundi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi, nanyi muanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu. Kikundi chenye usajili, katiba na daftari safi hakiyumbishwi na kiongozi mmoja mwenye tamaa.

Wazee wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo mnao, nimeuona. Basi kikao kijacho ombeni dakika kumi tu, kabla ya kugawa mikopo, na kila mmoja ajibu swali hili: katika mtaa wetu, ni nani akiugua leo usiku hana wa kumpigia? Mkishapata majina, mfuko wenu umepata kazi. Ianzeni wiki hiyohiyo.

Nawapenda sana.
Dada yenu.