Chenga Katika Picha za Simu

Wanakisomo, kila mwaka mwezi wa Juni watu hukusanyika Bujora, hapa Kisesa, kutazama ngoma za Bulabo. Wengi huwapiga picha wachezaji kwa simu zao. Jua linawaka, picha zinatoka safi. Lakini usiku, mtu akipiga picha nyumbani kwa simu ile ile, picha inatoka na vidoadoa vingi. Vidoadoa hivyo tunaviita chenga. Vinatoka wapi?

Nyuma ya lenzi ya simu kuna kipande kidogo kinachopokea mwanga. Katika simu nyingi kipande hicho ni kidogo kuliko ukucha. Kimegawanywa katika vijumba vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni. Kila kijumba hupima mwanga ulioingia. Kipimo chake kinakuwa nukta moja ya picha.

Mchana mwanga ni mwingi, vipimo vinakuwa sahihi. Usiku mwanga ni haba. Kijumba hiki kinapata kidogo, jirani yake kinapata kidogo zaidi, ingawa vyote vinatazama ukuta mmoja. Simu huvikuza vipimo hivyo ili picha isiwe nyeusi. Makosa nayo yanakua. Hizo ndizo chenga.

Wauza simu hupenda kutaja hesabu ya nukta. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak huko Marekani, alitengeneza kamera ya dijitali yenye nukta 10,000 tu. Leo simu nyingi zina nukta milioni 12, nyingine milioni 48 au zaidi. Msidanganywe na hesabu hiyo peke yake. Kama kipande cha kupokea mwanga hakikuongezwa ukubwa, nukta zikiwa nyingi kila kijumba kinabanwa na kupata mwanga kidogo zaidi. Ndiyo sababu simu nyingi za milioni 48 huunganisha vijumba vinne vinne, na picha inabaki na nukta milioni 12.

Halafu simu husafisha chenga. Hulinganisha kila nukta na majirani zake. Ikiona moja imezidi, huifanya ifanane na wenzake. Kazi hii ni kama kupepeta mchele. Ukipepeta kidogo, pumba zinabaki kwenye ungo. Ukipepeta kwa nguvu, mchele nao unamwagika. Simu haijui kama doa ni chenga au ni unywele wa ndevu za babu. Fundi aliyeiunda akiamuru isafishe sana, mikunjo ya uso inapotea na maua ya kitenge yanachanganyika. Akiamuru isafishe kidogo, chenga zinabaki. Watu wengi hupenda uso laini, basi simu nyingi husafisha kupita kiasi. Kwa picha ya harusi haidhuru.

Kwa hati ya shamba inadhuru. Tuseme mama mmoja alipiga picha karatasi ya mapatano ya shamba usiku, kwa taa ndogo. Baadaye mchwa wakaila karatasi. Sasa anafungua picha na kuikuza kwa vidole viwili. Picha haina chenga hata moja, lakini tarakimu 3 imekuwa kama 8. Upana wa shamba ni hatua 30 au hatua 80? Afadhali chenga zingebaki na tarakimu zikasomeka.

Mafundi wana njia nyingine. Simu hupiga picha kadhaa upesi upesi na kuzichanganya kuwa moja. Chenga hubadilika katika kila picha, lakini maandishi hayahami. Picha 4 zikichanganywa, chenga zinabaki nusu. Picha 16 zikichanganywa, zinabaki robo. Maandishi hayafutwi. Lakini mkono lazima utulie, na kitu kinachopigwa picha nacho kitulie. Mcheza ngoma hatulii. Karatasi hutulia.

Zoezi: Leo usiku pigeni picha ukurasa huu kwa mwanga wa taa. Kesho saa nne asubuhi upigeni tena nje, kivulini karibu na jua, viwiko vikiwa juu ya meza. Kuzeni picha zote mbili mpaka mwaka 1975 ujaze kioo cha simu. Andikeni katika madaftari yenu tofauti mnazoziona kwenye kingo za tarakimu.