Simu Inachaji, Kompyuta Haiioni

Umechomeka simu kwenye kompyuta ya mezani, alama ya chaji imetokea, lakini kompyuta haionyeshi folda ya simu wala picha. Wengi hapo hukimbilia kwa fundi, na fundi asiye makini huanza kwa kusema simu iflashiwe. Usikubali. Kuflashi kunaweza kufuta picha za harusi, meseji na kila kilichomo, wakati tatizo mara nyingi liko kwenye waya.

Waya wa USB wa kawaida una nyaya ndogo nne ndani yake: mbili hupitisha umeme, mbili hupitisha data. Waya nyingi za bei ndogo, hasa zile zinazokuja na tochi au spika, hazina kabisa hizo mbili za data. Zinachaji vizuri, ndiyo maana hakuna anayezishuku. Kwa kuutazama waya tu hutajua kama unazo. Tumia waya uliokuja na simu ndani ya boksi lake, au azima kwa mtu mwingine waya ambao umeshahamisha faili. Kisha uchomeke nyuma ya kompyuta. Matundu ya nyuma yapo kwenye ubao mkuu wenyewe, ilhali yale ya mbele hupitia waya mwingine wa ndani, ambao huweza kulegea.

Kama waya hauingii hadi mwisho kwenye simu, huenda tundu la chaji lina vumbi na pamba za mfukoni. Zima simu, uzitoe taratibu kwa njiti kavu ya meno. Sindano inaharibu.

Waya ukiwa mzima, angalia simu. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu ikichomekwa huanza kwa kuchaji tu, ili mtu asichote mambo yako bila ruhusa. Toa loku kwanza, maana simu iliyofungwa huonekana tupu kwenye kompyuta. Kisha telezesha kidole kutoka juu ya kioo kushuka chini, gusa taarifa ya USB, uchague palipoandikwa "File transfer". Kwa watu wengi kazi inaishia hapo.

Kwa iPhone, swali la kuiamini kompyuta hutokea kwenye kioo: gusa "Trust", kisha weka namba ya siri. Ikiwa swali lilikupita, chomoa uchomeke tena. Kompyuta ya Windows isipoitambua kabisa, weka programu ya Apple Devices kutoka Microsoft Store. Na kama picha zinakatika katikati ya kunakiliwa, ingia kwenye mipangilio ya Photos, shuka hadi chini kabisa, uchague "Keep Originals". Mara nyingi kinachozikwamisha ni simu kujaribu kubadilisha aina ya kila picha inapoituma.

Ikiwa bado, tatizo huenda liko kwenye Windows. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, fungua Device Manager, utafute jina la simu au kifaa chenye alama ya njano. Kiondoe, chomoa simu, washa kompyuta upya, kisha chomeka tena. Windows itajiwekea draiva yenyewe. Matoleo ya Windows yenye herufi N hayasomi simu mpaka uongeze Media Feature Pack, ambayo ni bure. Kompyuta za Mac nazo haziwezi kusoma faili za Android kwa waya bila programu ya ziada.

Simu ikishaonekana, usihamishe maelfu ya picha kwa mkupuo mmoja, na usitumie "Cut". Waya ukitikisika katikati, unaweza kupoteza faili pande zote mbili. Nakili folda moja moja, fungua picha kadhaa kwenye kompyuta uone kama zimefika nzima, ndipo uzifute kwenye simu.