Hati Kwanza, Benki Baadaye: Kutafuta Nyumba ya Kwanza Kasulu na Kibondo

Ukipita Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, wakati wa kiangazi utaona tanuri za matofali zikifuka moshi, na kando ya njia nyumba zilizoishia kwenye lenta miaka minne au mitano, majani yameota sebuleni. Wengi wetu tunajenga hivyo: matofali mwaka huu, bati mwaka kesho, fedha ya maharage ikigawanywa kati ya ada za watoto na saruji. Si ujinga, maana njia hiyo haina riba. Lakini siku hizi walimu, wauguzi na wenye maduka wanauliza: hivi siwezi kukopa, nikahamia mapema, nikawa nalipa kila mwezi kama ninavyolipa pango?

Unaweza. Tatizo ni kwamba wengi huanzia benki, wakarudi nyumbani wamekata tamaa, wakati safari yenyewe inaanzia ofisi ya ardhi.

Kwanza tuelewane mkopo wa nyumba ni nini. Benki inakupa fedha ununue nyumba, ujenge, au umalizie uliyoanza, na nyumba hiyohiyo pamoja na kiwanja chake vinawekwa rehani, yaani dhamana inayoandikishwa kisheria. Ukishindwa kulipa, benki ina haki ya kuiuza. Kwa kuwa dhamana ni kubwa, muda nao ni mrefu: miaka 10, 15, hata 20 na zaidi. Wazee watakumbuka Benki ya Nyumba Tanzania, iliyofungwa mwaka 1995. Baada yake mikopo ya muda mrefu ilikuwa adimu hadi ilipotungwa sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC. Hii ni kampuni inayoyakopesha mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yaweze kukukopesha wewe. Usiende TMRC kuomba mkopo. Wewe unashughulika na benki yako.

Mkopo wa mshahara ni kitu kingine. Huo hauhitaji hati ya kiwanja. Mwajiri anakata, benki inapokea, na muda wake ni mfupi zaidi. Kwa mtumishi wa umma riba yake inaweza hata kuwa chini ya ile ya mkopo wa nyumba. Kama umebakiza kupaua na kuweka milango tu, sioni sababu ya kuiweka nyumba nzima rehani kwa miaka 15. Mkopo wa nyumba unafaa pale kazi iliyobaki ni kubwa kuliko mshahara unavyoweza kubeba kwa muda mfupi.

Sasa, kwa nini nasema hati kwanza? Kwa sababu karatasi ya mauziano iliyosainiwa kwa mwenyekiti wa mtaa, hata ikiwa na muhuri na mashahidi sita, haikufanyi mmiliki aliyeandikishwa. Ni ushahidi kwamba ulinunua, basi. Benki inataka hatimiliki, yaani cheti cha serikali kinachoonyesha namba ya kiwanja, ukubwa, matumizi, jina lako na muda wa kumiliki, ambao kwa kawaida ni miaka 33, 66 au 99. Hati hiyo hutoka kwenye kiwanja kilichopangwa na kupimwa. (Na mwenyekiti akidai asilimia 10 ya bei ndipo agonge muhuri, mwombe risiti ya halmashauri uone atakavyokujibu.)

Kama bado hujanunua, nenda idara ya ardhi ya halmashauri, iwe ya Mji wa Kasulu, ya Wilaya ya Kasulu au ya Kibondo, uulize viwanja vilivyopimwa vinavyouzwa na halmashauri yenyewe. Kama unanunua kwa mtu mwenye hati, usitoe hata senti kabla ya kufanya upekuzi, yaani kuomba rasmi masijala ikuthibitishie kiwanja ni cha nani na kama kina rehani au zuio. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi ya Kamishna Msaidizi wa Ardhi, kwa hiyo kwa shughuli za hati unaishia Kigoma mjini. Kila malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo, nawe hulipia benki au kwa simu. Afisa anayetaka umtumie kwenye namba yake binafsi "ili iende haraka" hakusaidii.

Kama tayari unaishi kwenye kiwanja ambacho hakijapimwa, uliza serikali ya mtaa kama kuna urasimishaji wa makazi. Huo ni mpango ambao wakazi wa eneo moja huchangia gharama, wapima wanakuja, barabara zinatengwa, kisha kila mmoja anaomba hati yake. Wizara ya Ardhi iliwahi kuweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja. Ulizeni kiwango kinachotumika sasa, na mchango ulipwe kwenye akaunti, si mfukoni mwa mtu. Baada ya kupimwa usilale. Nimeona mitaa ambayo mawe ya mipaka yamekaa ardhini miaka mingi na wenye viwanja hawajaomba hati, wakidhani kupimwa ndiyo kumilikishwa.

Na wa kijijini je? Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji inaweza kukupa hati ya hakimiliki ya kimila, na kisheria inaweza kuwekwa rehani. Benki nyingi hata hivyo husita, kwa sababu ukishindwa kulipa, kumuuzia mtu wa nje ya kijiji ni kazi ngumu. Kwa mtu wa kijijini kabisa, SACCOS au kujenga kwa awamu bado ndiyo njia ya kweli, na ni afadhali nikuambie mapema kuliko upoteze nauli.

Jambo jingine la kuanza nalo ni namba ya NIDA. Huku kwetu ni mpakani, na uhakiki wa uraia huweza kuchukua muda mrefu kuliko mikoa ya kati. Bila namba hiyo huna TIN, yaani namba ya mlipakodi, na benki haitaendelea nawe. Hakikisha pia majina yanafanana kwenye kitambulisho, hati na akaunti. Herufi moja ikipishana utaapa kwa wakili na kulipia kiapo.

Tuje kwenye akiba. Benki haitoi fedha yote. Kwa kawaida inakutaka uchangie asilimia 10 hadi 20 ya thamani. Tufanye nyumba unayoitaka ni ya shilingi milioni 30. Asilimia 20 ni milioni 6. Tenga na milioni 1.5 za mthamini, wakili, ushuru wa stempu, usajili na bima. Jumla ni milioni 7.5, na ukijipa miaka mitatu ni kama shilingi 208,000 kila mwezi. Kiasi hicho kikiwa benki kinalindwa chote na Bodi ya Bima ya Amana, kwa kuwa tangu mwaka 2023 mwenye amana anafidiwa hadi shilingi milioni 7.5 benki ikifilisika.

Wapi pa kuweka? Akaunti ya kawaida ya akiba haina faida kubwa, lakini inajenga kumbukumbu ambayo benki itaisoma baadaye. Mifuko ya UTT AMIS, inayomilikiwa na serikali, hukuwezesha kununua vipande kidogo kidogo hata kwa simu. SACCOS ina uzuri wake: nyingi hukopesha mara mbili au tatu ya akiba yako, na kiasi hicho mara nyingi kinatosha kulipia kiwanja na hati. Hakikisha tu ina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kikoba cha mtaani ni kizuri kwa nidhamu, ila mgawo wa Desemba una tabia ya kuliwa Desemba hiyohiyo. Kausha damu, ile mikopo midogo ya haraka yenye riba kali, usiiguse. Ukichelewesha deni la wiki moja, jina lako laweza kuingia kwenye taasisi za taarifa za wakopaji, ambako benki hupitia kabla ya kukukubalia.

Mkulima au mwenye duka, asiye na hati ya mshahara, ataulizwa taarifa ya benki ya miezi sita au kumi na miwili. Kwa hiyo pitisha mauzo kwenye akaunti. Anayelipwa kahawa au tumbaku kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika wa mazao, tayari ana njia hiyo. Anayeuza maharage taslimu sokoni ajizoeze kuweka benki kabla ya kutumia. Weka pia leseni ya biashara na makadirio ya kodi ya TRA.

Ukiwa na hati na akiba, ndipo uende benki. Kasulu na Kibondo zina matawi ya NMB na CRDB, lakini maombi ya nyumba huamuliwa makao makuu, hivyo subira inahitajika. Utabeba kitambulisho, TIN, uthibitisho wa kipato, hati, risiti ya karibuni ya kodi ya pango la ardhi, na kama unajenga, ramani, kibali cha ujenzi cha halmashauri na makadirio ya gharama. Benki itamtuma mthamini aliyesajiliwa, na gharama yake unailipa wewe hata kama mkopo utakataliwa. Ukiwa na ndoa, mwenzi wako lazima aridhie kwa maandishi, kwani sheria hairuhusu nyumba ya familia kuwekwa rehani kisirisiri. Usimfiche ukamleta siku ya kusaini.

Uliza riba kwa mwaka, na kama inakokotolewa kwa salio linalopungua au kwa deni lote la mwanzo. Miaka ya karibuni riba ya mikopo ya nyumba nchini imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19. Tuchukue 17 kwa salio linalopungua, na mkopo wa milioni 24. Kwa miaka 15 utalipa kama shilingi 369,000 kwa mwezi, jumla zaidi ya milioni 66. Kwa miaka 10 ni kama 417,000 kwa mwezi, jumla milioni 50. Umeongeza kama shilingi 48,000 tu kwa mwezi, ukaokoa milioni 16. Hesabu hii fanya na familia yako kabla afisa mikopo hajakufanyia ya kwake.

Mtumishi wa umma ana ukuta mwingine: makato yote hayaruhusiwi kumwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa 900,000 anaweza kukatwa hadi 600,000. Kodi, pensheni na bima ya afya huchukua karibu 164,000, kwa hiyo zinabaki kama 436,000, na mkopo wetu unaenea. Lakini kama anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, asilimia 15, yaani 135,000, nayo inakwenda. Zinabaki 301,000, na mkopo huo hautapita hata kwa miaka 15. Huyo amalize deni la Bodi kwanza, au achague nyumba ndogo.

Ukikubaliwa mkopo wa kujenga, fedha hutolewa kwa awamu: msingi, lenta, paa, umaliziaji, na kila awamu hukaguliwa. Hapa angalia kalenda ya huku juu. Mvua zinaanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi mwanzoni mwa Mei. Awamu ya kwanza ikitoka Novemba, matofali yasiyochomwa yatayeyuka, malori yatakwama, na deni halisubiri jua. Peleka maombi mapema, Januari au Februari, ili fedha ikukute Juni ardhi imekauka.

Kabla ya kusaini, omba masharti makuu kwa maandishi. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinakupa haki ya kuyajua. Tazama adhabu ya kulipa kabla ya muda na bima ya maisha ya mkopo, ile inayolipa deni mkopaji akifariki ili mjane na watoto wasitolewe.

Mambo yakiharibika, mazao yakikosa bei au kazi ikiisha, nenda benki mwezi uleule uombe mapitio ya masharti. Kisheria benki lazima ikupe notisi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua dhidi ya dhamana, na mnada nao hutangazwa. Ukiona hukutendewa haki, lalamika kwa benki kwa maandishi kwanza, kisha Benki Kuu, ambako kuna dawati la malalamiko.

Na ukimaliza kulipa, usichukue hati ukaondoka kwa furaha. Omba benki hati ya kufuta rehani, uipeleke kwa msajili Kigoma, kisha fanya upekuzi wa mwisho kuona kama jina la benki limeondoka kwenye kiwanja chako.