Kaka yako hayuko Mtwara, yuko gerezani

*Shangazi, shikamoo. Kaka yangu amehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ni miezi mitano sasa. Mama ana presha, kwa hiyo tumemwambia yuko Mtwara kwenye mradi wa gesi, na wakwe zangu wanajua hivyo hivyo. Kuna bwana mmoja alisema ana watu wake mahakamani, nikampa laki sita. Siku hizi simu yangu hapokei. Kaka ametuma salamu kwa mfungwa aliyemaliza kifungo, anataka tumpelekee nakala ya hukumu. Gerezani sijaenda, nitaonekana. Nielekeze wakili mzuri wa kulishughulikia jambo hili kimyakimya. — Dada mtu, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Umeniomba wakili, na wakili tutamfikia. Ila kilichonishika katika barua yako ni hiyo safari ya Mtwara. Mliitunga ili kumlinda mama na ndoa yako, nami sina shaka mlikuwa na nia njema. Lakini tazama imewafikisha wapi. Mtu anayetafuta msaada kwa kujificha hawezi kudai risiti, hawezi kuuliza jirani kama bwana yule ni wakili kweli, na akitapeliwa hawezi kwenda polisi. Vishoka wanaozungukazunguka mahakamani wanamtambua mtu wa namna hiyo kwa macho tu. Laki sita zako zilikwenda kwa sababu ulitaka siri, na huyo bwana aliijua bei yake.

Fedha si hasara kubwa kuliko zote. Kubwa ni siku. Anayekata rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, kisha kuwasilisha petisheni ya rufaa ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri hauhesabiwi. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, lakini lazima atoe sababu ya msingi na aeleze kila siku iliyopita. Mahakama zetu mara nyingi zimeelewa kwamba mfungwa hana mamlaka juu ya mambo yake, kwani anategemea askari magereza kupeleka karatasi zake. Lakini aibu ya ndugu haiandikwi kwenye hati ya kiapo ikakubalika.

Sasa isome tena salamu aliyokutumia kaka yako. Mtu anayeomba nakala ya hukumu amekwishaanza kufikiria rufaa. Huenda taarifa ya kusudio aliitoa wiki ile ile aliyoingia, maana sheria inamruhusu mfungwa kukabidhi karatasi zake za rufaa kwa Mkuu wa Gereza, naye akawajibika kuzifikisha mahakamani. Anaweka sahihi au dole gumba, na hahitaji kuwa na mtu mkubwa nje. Kama alifanya hivyo, saa ya siku 45 inaisubiri nakala hiyo hiyo aliyokuomba. Sheria inasema mshtakiwa akiomba nakala ya hukumu apewe bila malipo. Kwa hiyo miezi hii yote umekuwa ukimtafutia mwokozi mtu ambaye ameshakuonyesha la kufanya. Umemtendea kama mzigo wa kuhamishwa usiku, ilhali yeye ndiye mwenye kesi.

Hapo ndipo nisipokubali kulegeza. Kesi ni ya aliyefungwa. Wakili hata awe hodari vipi, ataanza na mwenendo wa shauri, kisha atataka kumsikia mteja wake. Rufaa inapima kilichoandikwa kortini: nani alisema alimtambua, kulikuwa na mwanga gani, alimtazama kwa muda gani, walikuwa wanafahamiana kabla? Tangu shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko wote, na hautoshi kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Kama hukumu ya kaka yako imesimama juu ya ushahidi wa namna hiyo, mambo hayo yamo katika kurasa unazoogopa kwenda kuziomba na katika kichwa cha mtu unayeogopa kumtembelea.

Utaniambia: je, kama kweli alifanya? Rufaa haimsifu mwizi. Inauliza kama Jamhuri ilithibitisha kosa bila kuacha shaka ya maana, na swali hilo ni haki ya kila aliyehukumiwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika, iliyopo Arusha, ilitoa uamuzi katika shauri la Alex Thomas, Mtanzania aliyefungwa miaka 30 kwa kosa hilihili baada ya kujitetea bila wakili, sehemu ya kesi ikiendeshwa yeye akiwa mgonjwa hayupo. Ikasema haki yake ya kusikilizwa na ya kupata msaada wa kisheria bila malipo ilivunjwa. Mlango ule leo umebana, kwa sababu mwaka 2019 Tanzania iliondoa ruhusa ya mtu binafsi kwenda moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo. Rufaa za hapa nyumbani ndizo tegemeo lenu. Msamaha wa Rais usiutegemee, kwani mara nyingi masharti yake huwaacha nje wafungwa wa makosa ya aina hii.

Utasema pia kwamba wakili wa bure hana kazi nzuri. Uliyemlipa laki sita amefanya kazi gani? Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria. Watoa msaada wanasajiliwa, na Jeshi la Magereza linatakiwa kuweka utaratibu wa wafungwa kuufikia msaada huo. Anza kwa kuuliza gerezani kwenyewe, kisha kwenye mashirika yaliyosajiliwa, au kwenye Chama cha Mawakili Tanganyika. Msaidizi wa kisheria atakuelekeza na kukusaidia kufuatilia karatasi. Kusimama kortini ni kazi ya wakili. Ukipata fedha za kumlipa wakili, hakikisha jina lake limo katika orodha ya mawakili, na udai risiti.

Kuhusu mama, najua presha si mchezo. Lakini miaka 30 haifichiki. Habari itamfikia kwa kinywa cha mtu wa sokoni, na siku hiyo atabeba msiba wa mwanawe pamoja na uongo wa binti yake. Mwambie mwenyewe, dada au mjomba akiwapo, dawa zikiwa karibu, na umwambie pia kwamba rufaa inaendelea. Mumeo aambiwe kabla yake, na wakwe wasikie kutoka kwake. Heshima ya familia haitoki kwenye kutokuwa na mfungwa. Nyumba nyingi zinazoheshimika zimewahi kuwa naye. Inatoka kwenye namna mnavyosimama na mtu wenu anapoanguka. Familia inayomfuta ndugu ili majirani wasiseme imeshajihukumu yenyewe, na hukumu hiyo haina mahakama ya rufaa.

Basi wiki hii nenda masjala ya mahakama iliyomhukumu, na namba ya kesi mkononi, uombe nakala ya hukumu na ya mwenendo kwa maandishi, ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri. Siku ya kutembelea wafungwa, nenda gerezani. Muulize kaka yako kama alitoa taarifa ya kusudio na lini, umwombe radhi kwa ukimya wenu, kisha umsikilize yeye anataka rufaa yake iendeshwe vipi. Huyo kishoka mripoti polisi, kwa jina lako kamili.